Jeki

Sikusikia mlio. Watu huniuliza mlio.
Nilisikia kimya kwanza, kisha vumbi
(vumbi lina sauti, usibishe kama hujalala ndani yake),
kisha kitu kikidondoka karibu na sikio,
tone, tone,
nikaomba kiwe maji.

Sohar, mwezi wa Julai, saa nne na dakika kumi.
Jengo la mawakala wa forodha. Ghorofa ya tatu
ilikuwa imeshuka kukaa na ya pili,
na mimi katikati, chini ya mashine ya fotokopi.

Yeye hakuwa zamu.
Koplo Yakdhan bin Muhanna, siku ya tatu ya likizo,
anatoka kununua halwa ya akika ya mpwawe.
Pikapu aliiacha katikati ya barabara, mlango wazi,
redio ikisoma joto la mchana: nyuzi arubaini na sita.
Alipachika pindo la kanzu kiunoni
kama mtu anayevuka wadi,
akachukua jeki.
Jeki ya kubadilishia gurudumu!
Zimamoto wako njiani, yeye kaingia nayo
kwenda kuinua ghorofa.

Aliita kwa Kiarabu. Sikujibu.
Kiarabu changu kilikuwa cha mihuri na ankara,
hakikuwa na neno la kutoa kaburini.
Nikalia kama nilivyozaliwa nikilia:
"Mama yangu wee!"
Pakanyamaza.
Kisha juu ya zege, Kipemba kitupu:
"Nani huyo? Nambia u wapi.
Usilale, dada. Nnakuja."

Kwamba mamake ni mzaliwa wa Wete nilijua baadaye.
Wakati ule nilidhani nimekwisha kufa
na malaika wa kwetu ndio waliopangiwa zamu.

Krii, jeki. Krii.
Kila mzunguko, unywele mmoja wa nafasi.
Mguu wangu ulinirudia kama mgeni, hausemi.
Alinibeba mgongoni, na jasho lake
lilinuka udi na petroli.

Akarudi. Akamtoa Bi Ghaniya wa hesabu
na kijana wa mapokezi, mmoja begani,
mwingine akimvuta kwa maneno matupu.
Akarudi. Mlinzi, akiwa bado ameshika funguo.
Watu wakamshika kanzu, ikapasuka; akarudi na iliyobaki.
Mara ya nne alitoka mikono mitupu,
bila jeki,
akakaa chini kwenye lami inayochoma
na hakuhisi.

Alikuja hospitali, viganja vimefungwa bandeji.
Nilikuwa nimetayarisha shukrani, ndefu, ya Kiswahili kizuri.
Hakuingoja.
"Yule mzee wa chai. Jina lake nani?
Nilimshika mkono, upande wa pili wa nguzo.
Nikamwambia nnakuja.
Jeki ikateleza."

Miaka sita aliniletea kikombe. Iliki, sukari mbili,
alijua siku ninazofunga bila kuambiwa.
Sisi tulimwita Chai.
Chai, njoo. Chai, ongeza. Chai, futa hapa.
Nilifumbua mdomo mbele ya askari yule
na vumbi lilikuwa bado limo.

Novemba walimvisha nishani.
Nilikwenda na magongo yangu, nikakaa nyuma.
Alipiga saluti, akashuka,
akavipita viti vya wakubwa, akanitia karatasi mkononi.
Kwa herufi za Kiarabu, na chini yake kwa herufi zetu:
Rofikul, wa Noakhali. Watoto wanne.
"Liweke," akasema. "Mimi huliita usingizini,
nalikosea."

Pikapu anayo hadi leo. Jeki hana,
na hataki kununua nyingine.
Juzi alipata pancha njia ya Saham.
Alikaa ukingoni mwa barabara, jua la utosi,
akangoja mtu apite.